Oganeli zenye utando na zisizo na utando, tukianzia kwenye kinu cha kisamvu

Jani changa la muhogo likiwa zima mtini halina sianidi, sumu kali, ya kuonekana. Litie kinuni, lipige mchi, na muda si mrefu sianidi inaanza kutoka. Hapana kilichoongezwa humo kinuni ila kishindo, nacho kimepasua tando za seli.

Oganeli ni sehemu ya seli yenye kazi yake maalumu. Utando ni ngozi laini ya mafuta, matabaka mawili yaliyolaliana, na protini zimepachikwa humo. Unene wake ni kama nanomita 7 hadi 8, na milimita moja ina nanomita milioni. Maji hupenya, chumvi na sukari hungoja milango ya protini. Kwa sababu hiyo, sehemu iliyozungushiwa utando huweza kuwa na hali yake peke yake. Lisosomu ya seli ya mnyama ina pH (kipimo cha asidi; namba ikipungua asidi huzidi) ya karibu 5, na majimaji yaliyo nje yake yana karibu 7.2. Vimeng'enya vyake (protini zinazoendesha mabadiliko ya kikemia) vya kusagia taka vinataka asidi hiyo, kwa hiyo hata vikivuja kidogo haviwezi kuila seli nzima.

Vakuoli (mfuko wa majimaji ya akiba), lisosomu, Golgi (inayofungasha protini) na retikulamu ya endoplazimu (mtandao wa mifereji ndani ya seli) zina utando mmoja mmoja. Kiini, mitokondria (inayotoa nishati) na kloroplasti (inayotengeneza chakula kwa mwanga) zina miwili.

Turudi kinuni. Ndani ya vakuoli za jani la muhogo mna linamarini, sukari iliyobeba sianidi ikiwa imefungwa. Kimeng'enya cha kuifungua, linamarasi, kinakaa nje kwenye ukuta wa seli. Kati yao upo utando wa vakuoli na utando wa seli yenyewe. Mchi ukiponda, tando zinakatika, viwili hivyo vinakutana, na sianidi inaachiliwa. Hidrojeni sianidi huchemka kwenye nyuzi 26 hivi za Selsiasi, basi sufuria ya moto isiyofunikwa huitoa kwa mvuke.

Ndiyo maana kisamvu kinatwangwa kabla ya kutiwa jikoni, na kutwangwa vizuri hasa, mpaka kilainike. Anayetumbukiza majani mazima katika maji yanayotokota anakiharibu kimeng'enya kwa joto kabla hakijaifikia linamarini, na linamarini yenyewe haiogopi moto. Itabaki kwenye mboga, au itayeyukia kwenye maji, na maji hayo afadhali yamwagwe. Muhogo mchungu una hatari hiyohiyo ukichemshwa vipande vikubwa. Sianidi ikifika mwilini hukamata kimeng'enya kilichopachikwa kwenye utando wa ndani wa mitokondria, na seli inashindwa kutumia oksijeni ijapokuwa damu imeileta.

Ukuta wa seli, inakokaa linamarasi, ni selulosi. Si utando, ingawa wanafunzi wengi huuchanganya nao. Ukuta hupitisha maji na vitu vidogovidogo bila kuchagua. Utando ndio unaochagua.

Sasa zisizo na utando. Ya kwanza kujua ni ribosomu, iliyoelezwa na George Palade mwaka 1955. Ni vipande viwili vya RNA (molekuli jamaa ya DNA) na protini, kimoja kikubwa na kimoja kidogo, na ukubwa wake ni nanomita 25 hadi 30. Darubini ya kawaida ya maabara ya skuli haiioni, kwani inakomea karibu nanomita 200. Kazi yake ni kusoma uzi wa RNA wenye maagizo na kuunga protini, linamarasi ikiwemo. Uzi unaingia upande mmoja, amino asidi, matofali ya protini, zinaletwa moja moja, protini inatoka upande mwingine. Ingefungiwa ndani ya utando, kila kimoja kati ya hivyo kingehitaji mlango. Nyingine za kundi hili ni kiinidogo kilichomo ndani ya kiini, nyuzi za mifupa ya seli, na sentrioli (vijiti vinavyosaidia seli kugawanyika), ambayo jani la muhogo halina kabisa.

Njia ya maabara ya kuyatenganisha makundi haya ni sabuni laini. Sabuni huyeyusha mafuta ya utando, kwa hiyo vakuoli na lisosomu husambaratika, na ribosomu hubaki nzima.

Retikulamu yenye chengachenga huwapotosha wengi. Retikulamu ina utando. Chengachenga zilizoganda juu yake ni ribosomu, nazo hazina. Na ukiulizwa kuhusu bakteria, usijibu kwamba hawana oganeli yoyote. Hawana zenye utando kama kiini na mitokondria, lakini ribosomu wanazo tele, aina ya 70S (S ni kipimo cha kasi ya kuzama kwenye mashine ya kuzungusha), ndogo kuliko ile ya 80S iliyo kwenye majimaji ya seli zetu. Tofauti hiyo ndiyo inayoiwezesha antibiotiki doksisaiklini kuzuia ribosomu za bakteria, na zetu za 80S zikaendelea na kazi.