Kuzaa kwa operesheni: maana yake, na nini huamua

Mzazi akirudi nyumbani na kidonda tumboni, huku kwetu Zanzibar hakosi kusikia: "Kwani hukuweza kusukuma?" Neno hilo linaumiza, na halina msingi.

Operesheni ya uzazi ni kumtoa mtoto kwa kupasua tumbo la mama na mfuko wa uzazi. Daktari huiamua kondo la nyuma linapoziba njia, mtoto anapokingama, mapigo ya moyo wake yanaposhuka, au uchungu unapokwama na kichwa hakishuki. Kifafa cha mimba nacho huweza kulazimisha. Hapo kusukuma hakusaidii kitu. Kondo likiwa limeziba mlango, kulazimisha kunaweza kummwaga mama damu mpaka akafa.

Lakini mwili hauamui peke yake. Mwanamke wa kisiwa cha Tumbatu aliyekwama uchungu anahitaji boti hadi Mkokotoni, kisha gari hadi hospitali ya Kivunge, na pengine mpaka ile ya Mnazi Mmoja mjini. Ikiwa ni usiku, maji yamekupwa, na mume anayesubiriwa atoe ruhusa na nauli yuko dago, kwenye kambi ya uvuvi, saa zinakwenda. Mwaka 1994 watafiti Thaddeus na Maine walieleza machelewo matatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Mimi naliona la kwanza ndilo chungu zaidi, maana linaanzia ndani ya nyumba zetu, kwa watu wanaompenda.

Upande wa pili wapo wanaopasuliwa bila haja, hasa penye fedha na hospitali za kulipia. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2015 kwamba katika jamii nzima, operesheni zikipita 10 katika kila uzazi 100, vifo vya akina mama na watoto wachanga havipungui zaidi. Takwimu zake za 2021 zilionesha kiasi cha 21 kwa dunia nzima, na 5 tu kwa Afrika kusini mwa Sahara. Basi wengine wanakatwa pasipo sababu, na wengine wanakufa kwa kukosa kukatwa.

Na nyinyi mnaomlea mzazi: yale maji ya moto ya kumkanda tumbo, tuliyoyarithi kwa bibi zetu, msiyapitishe kwenye kidonda. Aoge kama mkunga wa hospitali alivyomwelekeza, na kidonda kikitoa usaha au akipata homa, arudishwe siku hiyo hiyo.