Mbwa mzee asiyesikia: yanayosemwa na ukweli wake

"Siku hizi ana kiburi." Ndivyo anavyosemwa mbwa wa miaka 10 aliyezoea kuja mbio akiitwa, na sasa amejilaza tu kivulini. Mara nyingi si kiburi. Kadiri anavyozeeka, chembe zenye vinyweleo vya kupokea sauti ndani kabisa ya sikio hufa, wala hazioti tena. Sauti nyembamba hutangulia kupotea. Ndiyo maana filimbi haimshtui, lakini geti la bati likibamizwa anageuka, nasi tunaapa kwamba anasikia anachotaka.

"Ni uzee, hakuna dawa." Uziwi wa uzee hauna dawa, kweli. Lakini umejuaje kuwa ni uzee? Nta iliyoziba, maambukizi na uvimbe pia huzuia sauti, na mengi ya hayo yanatibika. Daktari wa mifugo achungulie kwanza. Usimmiminie dawa ya masikio kwa kubahatisha: zenye gentamaisini (dawa ya kuua bakteria), ngoma ya sikio ikiwa imetoboka, zinaweza kumaliza usikivu uliobaki.

"Samaki mkunje angali mbichi." Methali nzuri, ila mbwa hajaisikia. Tangu utotoni amekuwa akisoma mikono, mabega na nyuso zetu kuliko maneno yetu, kwa hiyo ishara si lugha ngeni kwake. Chagua chache: njoo, kaa, acha, na dole gumba la kumsifu. Onyesha ishara, akitii mpe kipande cha nyama papo hapo. Nyumba nzima itumie ishara zilezile. Baba akipunga mkono na watoto wakipiga magoti, atachanganyikiwa. Ni rahisi zaidi ukianza angali anasikia kidogo, neno na ishara vikienda pamoja. Macho ya uzeeni nayo hufifia, basi mkono usogee kwa upana, mahali penye mwanga. Usiku mulika tochi chini mbele yake, si machoni.

Kumpigia kelele hakusaidii. Anachoona ni uso uliokunjamana, naye anajitenga. Ongea naye kama kawaida, maana uso hulainika unapoongea.

"Kamng'ata mtoto aliyemgusa usingizini, basi ana kichaa." Huenda ameshtuka tu. Mwendee kwa mbele, kanyaga sakafu kwa nguvu ahisi mtikisiko, mwache anuse mkono, kisha mguse begani. Hata hivyo, aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo. Mshtuko ni maelezo tu, haukingi kichaa cha mbwa.

"Bado analinda." Pua yake inafanya kazi, lakini mwizi akija kinyume na upepo hatamjua. Mpe mwenzake kijana, umwangalie anapolala. Wengi hupenda kivuli cha gari, na injini ikiwaka huenda asiamke. Inama, utazame chini ya gari kabla ya kurudi nyuma.