Utata wa Sentensi: Ulieleweka kwa Sauti, Haukueleweka kwenye Karatasi

Malalamiko kuhusu matangazo na mikataba inayosomeka kwa maana mbili yameongezeka, na waandishi wengi wanaorudishiwa nyaraka zao hutujibu sisi wahariri kwamba waliposoma kwa sauti zilieleweka. Zilieleweka kwa sababu walizisoma wenyewe. Sauti ilipanda na kushuka, ilitua walipotaka, na msikilizaji mwenye shaka aliweza kuuliza. Msomaji wa karatasi hana hata moja kati ya hayo.

Tuchukue sentensi "Nyumba ya kampuni iliyouzwa ina wapangaji." Kilichouzwa ni nyumba au ni kampuni? Nomino zote mbili zina upatanisho mmoja, kwa hiyo sarufi haiamui. Msemaji akitua kidogo baada ya "nyumba," tunaelewa kuwa kampuni ndiyo iliyouzwa. Akitua baada ya "kampuni," tunaielekea nyumba. Tukiandika "jengo la kampuni lililouzwa," utata unatoweka, kwa kuwa ngeli zinatofautiana.

Gumu zaidi ni "mlinzi aliyempiga dereva," maneno yanayoweza kumhusu mlinzi aliyepiga au mlinzi aliyepigwa. Hapa hata sauti haisaidii sana. Anayekusudia maana ya pili aandike "mlinzi aliyepigwa na dereva," na katika ripoti ya tukio, hilo si suala la hiari, kwani kosa linaweza kumwangukia asiyelitenda.

Tuseme tena, kwa kuwa bado hatusikilizwi: alama ya mkato si mahali pa kuvutia pumzi, na wino mzito hauondoi maana ya pili.

Waraka unaoletwa kwetu husomwa na wahariri wawili ambao hawajazungumza na mwandishi. Kila mmoja huandika pembeni maana aliyoipata, bila kuona ya mwenzake. Maana zikitofautiana, waraka hurudishwa bila muhuri, nao huwasilishwa upya ukiwa umeambatishwa nakala ya kwanza na maelezo ya maana iliyokusudiwa; usipoambatishwa hivyo, hausomwi. Wanaoona utaratibu huu ni usumbufu wazingatie kwamba, katika mifumo mingi ya sheria, kifungu cha mkataba chenye utata kinaweza kufasiriwa dhidi ya upande uliokiandika, na maelezo ya mdomo yanayotolewa baada ya sahihi kuwekwa huenda yasipokelewe kabisa.