Historia ya umiliki: kinachoifanya nishani iwe ya mtu

Mtu akipeleka nishani ya babu yake kwenye jumba la makumbusho, ataulizwa kwanza: ilikuwa ya nani, na imepitia mikono ya nani hadi leo? Majibu hayo, pamoja na ushahidi wake, ndiyo huitwa historia ya umiliki.

Chukua nishani ya fedha ambayo Uingereza iliwapa mamilioni ya askari wake baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Ina upana wa milimita 36 na sura ya Mfalme George V. Itazame ukingoni kwa kioo cha kukuzia: namba ya askari, cheo, jina na kikosi chake vimegongwa humo kwa herufi ndogo. Mstari huo mmoja unamtosha mtafiti kuanza kupekua kumbukumbu za jeshi. Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa vitani ya Uingereza, iliyoanzishwa 1856, inakwenda mbali zaidi, kwani nyuma yake huandikwa hata tarehe ya tendo la ushujaa lenyewe.

Nishani za umbo la nyota walizopewa askari wa Uingereza baada ya Vita Kuu ya Pili hazikuandikwa jina. Hapo ndipo shajara, kitabu cha malipo, picha au barua ya penseli kutoka vitani vinapookoa mambo. Mimi nikisimama mbele ya kabati la makumbusho, hivyo ndivyo vinavyonigusa zaidi. Nishani inasema askari alituzwa. Barua inasema usiku ule alikuwa na baridi na alimkumbuka mama yake.

Uzi huu hukatika kwa urahisi. Ndugu hugawana urithi, huyu nishani, yule karatasi. Bei ya fedha ilipopanda sana mwaka 1980, nishani nyingi za fedha ziliyeyushwa, na zile za shaba zilizotolewa pamoja nazo zikabaki peke yake. Seti ya namna hiyo huhesabiwa kuwa imevunjika.

Kuna pia hasara inayoletwa na mapenzi. Familia huisugua nishani kila mwaka ing'ae, na kila msuguo unachukua fedha kidogo, hadi herufi za ukingoni zinafifia na jina halisomeki tena. Ndiyo maana nishani nyingine huonyeshwa makumbusho zikiwa na weusi wake.