Joto la Nyumba na Kituo cha Treni: Mambo ya Kukagua Kabla ya Kupanga Fleti Chicago

Mgeni anayetafuta fleti Chicago mwezi wa Julai huuliza kodi, idadi ya vyumba na umbali wa kituo cha treni, lakini habari za joto haziulizi, kwa kuwa siku hizo jua lenyewe ni kero. Swali hilo humrudia Januari. Tarehe 30 Januari 2019 jiji hili lilifikia karibu nyuzi 31 chini ya sifuri kwa kipimo cha Selsiasi, na katika baridi ya namna hiyo fleti isiyopata joto haikaliki hata kwa usiku mmoja.

Sisi tunaoshauri wapangaji husisitiza kwamba kabla ya kujadili kodi, mtu aulize nani analipia joto. Majengo mengi ya zamani ya mitaa ya Rogers Park na Uptown yana boila moja chini ya jengo, inayopeleka mvuke au maji moto kwenye rejeta (vyuma vya kupashia joto) za kila chumba, na hapo gharama kwa kawaida huwa ya mwenye nyumba. Kwingine kila fleti ina tanuri lake la gesi na mita yake, na kuna zenye hita za umeme zilizopangwa chini ya kuta, ambazo bili yake hushtua zaidi. Tuseme fleti moja ni dola 1,100 kwa mwezi joto likiwa ndani ya kodi, na nyingine dola 1,000 bila joto: mwenye kuchagua ya pili kwa kuokoa dola mia huenda akazilipa zote, na zaidi, miezi ya baridi. Sheria ya jiji inamtaka mwenye nyumba ampe mpangaji atakayejilipia joto makadirio ya gharama hiyo kwa maandishi kabla ya mkataba. Idai karatasi hiyo. Kauli ya mdomo haitoshi.

Siku ya kukagua, shika kipande cha karatasi ya chooni karibu na fremu ya dirisha. Kikichezacheza, upepo unapenya, na joto utakalolilipia litapotelea hapo hapo. Fleti ya kona ina kuta mbili za nje, kwa hiyo hupoa upesi kuliko iliyobanwa katikati ya jengo. Rejeta za mvuke nazo hugonga usiku kana kwamba kuna fundi ndani ya ukuta. Mara nyingi ni mvuke tu unaokutana na maji yaliyopoa bombani, na wapangaji wapya wasihangaike kutafuta maelezo mengine.

Kuhusu usafiri, anayefanya kazi ya zamu ya usiku ajue kwamba ni treni za laini ya Red na ya Blue pekee zinazotembea saa 24. Dakika kumi za ramani si dakika kumi za theluji ukiwa umebeba mtoto, hivyo itembee njia hiyo mwenyewe, saa ile ile utakayotoka kazini. Jengo linalopakana na reli za juu za laini hizo lina kelele usiku kucha. Mtaa wa pili au wa tatu kutoka kituoni hufaa zaidi.

Kuanzia tarehe 15 Septemba hadi 1 Juni, mwenye nyumba anayetoa joto lazima afikishe nyuzi 68 za Farenhaiti, yaani Selsiasi 20, kati ya saa 2:30 asubuhi na saa 4:30 usiku, na nyuzi 66 usiku uliobaki. Faini ni dola 500 hadi 1,000 kwa kila siku ya ukiukaji. Joto likikatika, mwandikie mwenye nyumba na ubaki na nakala, piga picha ya kipimajoto saa ikionekana, kisha piga simu 311, namba ya huduma za jiji.

Usiwashe jiko la gesi ili upate joto. Hewa ya kaboni monoksaidi inayoweza kutoka kwenye moto wake haina rangi wala harufu, na huua watu wakiwa usingizini. Sheria ya jimbo la Illinois inataka king'ora cha kuitambua kiwe ndani ya futi 15, takriban mita nne na nusu, kutoka chumba cha kulala. Siku ya kukagua, bonyeza kitufe chake cha majaribio na usikilize kama kinalia.