Vayoleti za mwituni: si za kizungu, si vayoleti, wala hazinukii

Kila mgeni akipanda hapa balkoni kwangu Tudor, Mombasa, swali ni lile lile, "haya maua ya kizungu umeyatoa wapi?" Nami hucheka tu, manake watu washazoea kuyaona kwenye vijipoti vya supamaketi yamefungwa karatasi la kung'ara, basi washaamua ni ya Uholanzi. Kumbe kwao ni huku huku kwetu, milima ya Usambara, Uluguru, Taita, na hata hapo Kilifi kwenye majabali ya chokaa ya Cha Simba. Mjerumani mmoja, Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa afisa wa serikali yao upande wa Usambara, ndiye aliyeyapeleka kwao, na 1893 Hermann Wendland akayaandika kwa jina Saintpaulia ionantha. Yani ua limeenda Ulaya likapewa jina la mtu, halafu likaturudia kwa bei ya juu.

Hilo jina vayoleti nalo ni la kubandikwa tu, vayoleti zenyewe ni ukoo mwengine kabisa, zimefanana rangi basi. Na 2015 wataalamu waliiingiza Saintpaulia nzima ndani ya kundi kubwa la Streptocarpus, lakini sisi wapandaji bado twatumia jina la zamani, tushazoea.

Sasa inonikera zaidi ni hii: "mbona zako zimekonda hivo, za dukani nzuri zaidi." Jamani, za dukani ni hibridi, yani machotara, zimechaguliwa na kuchanganywa tangu miaka ya 1920 kule Los Angeles ziwe duara, fupi, na maua yamejazana katikati kama shada. Ya mwituni haikuumbwa kwa ajili ya dirisha la mtu. Maua machache, petali tano, samawati inayoelekea zambarau, zengine zimepauka hata zakaribia nyeupe. Hizo za pinki, zenye petali za safu mbili, zenye pindo la kijani, ni kazi ya binadamu. Lakini hebu tazama majani! Kuna aina tele: velutina majani yana vinyweleo laini kama bahameli na chini ni mekundu, nitida yang'ara kama yamepakwa mafuta, na grotei ndio haikai duara kabisa, yatambaa, vikonyo virefu, yangu ilianza rafu ya juu sa hii iko sakafuni yanitafuta miguu. Mtu akiniambia vayoleti zote ni sawa namleta hapo asimame atazame mwenyewe.

Halafu kuna wale wasemao, ikiwa ni ya mwituni basi ni sugu, iweke popote na umwagie maji yoyote. Hiyo nliiamini mimi mwenyewe ikanigharimu mche wa rupicola, ile aina ya Cha Simba. Nliuweka juani ya saa sita nikisema si wa Kilifi huu, joto aijua. Joto aijua kweli, ila huko kwao hukaa kwenye nyufa za mawe chini ya kivuli cha miti, jua kali haimpati. Majani yaligeuka rangi ya chai ya maziwa. Wa pili nikaunywesha maji ya kisima, na nyote mwajua maji ya visima vya Mombasa yalivyo na chumvi, ikaganda nyeupe kwenye mdomo wa poti na kila kikonyo kikiegemea hapo chaungua. Sa hii nakinga maji ya mvua, na napandia makumbi ya nazi yaliyooza na changarawe, kwenye poti dogo, manake mizizi ni mifupi na poti kubwa laozesha tu.

Na joto je, ati bila eisi ya kupoza hewa Mombasa hazikai? Inategemea yatoka wapi. Ionantha ni ya mabondeni upande wa Tanga, rupicola ni ya huku pwani, hizo zakaa na kivuli na upepo wa bahari bila shida. Shumensis ni ya juu Usambara kwenye baridi na teitensis ni ya msitu wa Mbololo kule Taita, hizo hapa kwangu zanuna tu.

Kulowesha majani nako watu waogopa bure, huko msituni mvua yanyesha juu ya majani na hayafi. Yaletayo zile pete nyeupe ni maji baridi kwenye jani la moto, yani usimwagie ya friji.

Bibi yangu alipoona yamechanua akainama kunusa, akainuka akasema, "ua gani hili halina harufu?" Kwake yeye ua ni asmini, ni kilua, la sivyo halifai. Ni kweli halinuki, wala halina asali, nyuki afuata poleni tu, yani chavua, ule unga wa ua, na poleni imefungwa ndani ya vile vifuko vya manjano haitoki mpaka nyuki avitetemeshe kwa mtetemo wa mwili wake. Mimi hutoboa kwa kijiti cha meno. Ila ukiziweka karibu karibu na kuchanganya poleni, mbegu utazopata ni machotara. Ukitaka ile ile, panda jani.

Ndio nakwambia usiende Cha Simba na jembe, majabali yenyewe yapungua kwa kuchimbwa mawe na miti kukatwa, na jani moja latosha. Rupicola nliyonayo sa hii ilikuja ikiwa jani kwenye kopo la siagi, limezungushiwa tishu ya maji, nilipewa na mpandaji mwenzangu. Miezi miwili hivi vikachomoza vichipukizi vitatu. Viwili nishavigawa.