Kupima pumzi sio kupuliza kwa nguvu

Jamani tuelewane kwenye hili maana nalisikia kila mara, juzi tena kwenye daladala ya Mbagala dada anamwambia mwenzie mtoto "kapimwa pumzi" wakakuta hana pumu eti kwa sababu kapuliza kibomba mshale ukafika juu. Kile sio kuchambua pumzi.

Kuchambua pumzi ni kuangalia hewa unayotoa ina gesi gani na kwa kiasi gani, ili ijulikane mwilini kuna nini. Basi. Mwaka 1971 mkemia wa Marekani, Linus Pauling, alionyesha pumzi ya mtu ina kemikali kama 250, kwahiyo mle ndani kuna habari nyingi.

Sasa kile kibomba cha plastiki chenye namba pembeni kinapima kasi, lita ngapi kwa dakika, hakijui hewa yenyewe imebeba nini. Pale unavuta hewa mpaka mwisho unapuliza kwa nguvu zako zote mara tatu, inaandikwa namba kubwa, na mwenye pumu siku ambayo hajabanwa anaweza kupuliza vizuri tu. Mashine ya kuchambua ni kinyume kabisa, unapuliza taratibu kwa mwendo uleule kama sekunde 10 kwa mtu mzima, ukikazana inakataa unaanza upya. Yenyewe inatafuta naitriki oksaidi, gesi inayoongezeka pale njia za hewa zinapokuwa na uvimbe wa aina fulani ya pumu. Mtu mzima akiwa na sehemu chini ya 25 za gesi hiyo kwa kila sehemu bilioni za hewa ni kidogo, akizidi 50 ni nyingi na daktari anajua dawa ya kuvuta yenye steroidi, ile ya kupunguza uvimbe, huenda ikamsaidia, halafu wakipima tena baada ya muda namba ikagoma kushuka ataulizwa kama dawa anaitumia kweli. Hapo ndo unasema ugonjwa unafuatiliwa kwa pumzi. Na bado haitoshi peke yake, sigara inashusha namba, spinachi nyingi inaipandisha.

Kwenye kisukari nako watu wanachanganya. Hakuna anayepumua sukari. Ile harufu kama ya dawa ya kutoa rangi ya kucha ni asetoni, inatoka mwili ukichoma mafuta kwa kukosa insulini, na mgonjwa wa kisukari akinuka hivyo akiwa anatapika au anahema kwa kasi apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Ila hata mzima aliyefunga kutwa anaweza kuwa nayo, na mwenye sukari ya juu anaweza asinuke chochote, kwahiyo kidole kiendelee kutobolewa kupima sukari ya damu.

Siku nyingine ukiambiwa unaenda kupimwa pumzi, muulize tu daktari kwa upole, tunapima kasi au tunapima kilichomo? Kama ni kasi, ukirudi nyumbani waambie umepimwa mapafu yanavyosukuma hewa.